IVIG: Maswali Tunayoulizwa Wodini Moshi, na Majibu Yake

Maswali haya huulizwa na ndugu wa wagonjwa. Wengine wametoka Rombo, Hai na Marangu, wengine wameletwa kwa rufaa kutoka Arusha. Wengi huja karatasi ya daktari mkono mmoja, simu mkono wa pili, wakitafuta hela. Nimeyaandika jinsi yanavyokuja, siyo jinsi kitabu kingeyapanga. Hakuna jibu hapa linalochukua nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa wako.

Daktari ameandika "IVIG". Ni kitu gani hasa?

Ni kingamwili (kitaalamu imunoglobulini, protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu) za watu wengine, zilizochujwa kutoka kwenye plazma, yaani yale maji ya njano yanayobaki chembe za damu zikitolewa. Chupa moja imetokana na plazma iliyochanganywa ya watu wasiopungua elfu moja, na mara nyingi ni maelfu mengi zaidi. Zaidi ya asilimia 95 ya protini iliyomo ni IgG, aina ya kingamwili inayopatikana kwa wingi kuliko zote kwenye damu. Inaingia kwa dripu, kwenye mshipa.

Siyo antibayotiki, na siyo damu ya kuongezewa. Pia msiichanganye na zile imunoglobulini maalumu: ya kichaa cha mbwa anayopewa aliyeng'atwa, ya pepopunda, au sindano ya anti-D wanayopewa kina mama wenye damu ya kundi hasi. Zile huchaguliwa kwa sababu zina kingamwili nyingi za kitu kimoja. Hii ina mchanganyiko wa kila kitu ambacho maelfu ya wachangiaji wamewahi kuugua au kuchanjwa.

Mbona mtoto wa jirani anapewa chupa moja kwa mwezi, na baba yetu ameandikiwa chupa kumi na nne kwa wiki moja?

Hili ndilo swali ninalotamani kila familia ianze nalo. Dawa ni ileile, lakini kazi ni mbili tofauti kabisa. Dozi ndogo inajaza pengo. Dozi kubwa inatuliza kinga iliyochachamaa.

Mtoto wa jirani huenda alizaliwa na mwili usiotengeneza kingamwili. Huyo hupewa gramu 0.4 hadi 0.6 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya wiki tatu au nne, maisha yake yote. Mtoto wa kilo 20 anahitaji kama gramu 10. Kwa nini kila mwezi? Kwa sababu IgG hupungua hadi nusu ndani ya wiki tatu hivi. Ni za kuazima, zinaisha, na mwili wake hauna kiwanda cha kuzirudisha.

Baba yenu kinga anayo tele, tatizo ni kwamba imegeuka kumpiga mwenyewe. Dozi yake ni gramu 2 kwa kilo, kwa kawaida ikigawanywa siku tano. Akiwa na kilo 70 ni gramu 140, sawa na gramu 28 kwa siku. Kwa chupa za gramu 10 ndiyo hizo kumi na nne mnazoziona kwenye karatasi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize daktari: kwa mgonjwa wetu, dawa hii inajaza au inatuliza? Na ni mara moja au itarudiwa? Jibu la maswali hayo mawili ndilo litakalowaambia kama mnatafuta pesa ya wiki au pesa ya miaka.

Inakuwaje kingamwili zizuie kingamwili? Si ni kumwagia petroli motoni?

Swali zuri, na wataalamu wenyewe hadi leo wanabishana ni njia ipi inayobeba uzito zaidi. Zinazojulikana ni hizi.

Chukua ugonjwa wa ITP, ambapo kinga inazipaka kingamwili chembe sahani, zile za kugandisha damu. Zikipita kwenye bandama, seli za makrofaji zinazishika kwa vipokezi vinavyotambua mkia wa kingamwili, kisha zinazimeza. Ukimwaga IVIG nyingi, vipokezi hivyo vinashikwa na kingamwili zisizo na madhara, na chembe sahani zinapita salama. Ndiyo maana kwa mtoto mwenye ITP idadi huweza kupanda ndani ya siku moja hadi tatu.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kuieleza. Ndani ya seli zinazotanda kuta za mishipa kuna kipokezi kiitwacho FcRn. Kazi yake ni kuokota IgG zilizomezwa na seli na kuzirudisha kwenye damu kabla hazijavunjwa. Lakini nafasi zake zina idadi, kama viti vya Coaster ya Moshi kwenda Arusha. Abiria wakimiminika stendi kwa mpigo, wengi wanaachwa, na kingamwili mbaya zinaachwa pamoja nao. Tofauti ni kwamba hapa anayeachwa hasubiri gari lingine, anavunjwavunjwa. Hivyo kingamwili mbaya zinapungua haraka kuliko kawaida.

Zaidi ya hapo, IVIG inanasa protini za komplimenti zinazotoboa seli, na inaamsha kipokezi fulani kinachoziambia seli za kinga zipoe. Na ndani ya ule mchanganyiko wa maelfu ya watu zimo kingamwili zinazozishika na kuzizima zile mbaya zenyewe. Yote haya yanahitaji wingi, na ndiyo sababu ukipunguza dozi ya kutuliza ili kuokoa hela, unaweza kuwa umelipia nusu ya bei bila kupata nusu ya faida.

Ilianzaje kutumika?

Mwaka 1952 Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani, alieleza habari za mvulana wa miaka minane aliyekuwa akiugua nimonia tena na tena na hakuwa na kingamwili kwenye damu. Alimpa imunoglobulini kwa sindano chini ya ngozi, na maambukizi yale yakakoma. Dawa za kupitisha kwenye mshipa zilichelewa kwa sababu zile za mwanzo ziligandana na kuleta mshtuko. Kisha mwaka 1981 Paul Imbach na wenzake wa Bern, Uswisi, wakachapisha habari za watoto wenye ITP ambao chembe sahani zao zilipanda baada ya kupewa. Hapo ndipo dawa ya kujaza ilipoanza kuwa dawa ya kutuliza.

Shikamoo sista. Baba alianza ganzi miguuni Jumapili, leo hawezi kushika kikombe. Wamesema Guillain-Barré. Tuuze ng'ombe?

Marahaba. Kwanza tuzungumze pumzi, halafu ng'ombe.

Huu ni ugonjwa ambao kinga hushambulia neva, mara nyingi wiki moja hadi tatu baada ya kuharisha au mafua. Udhaifu unapanda kutoka miguuni. Wagonjwa wengi hurudi kutembea, hata kama inachukua miezi. Anayefariki mara nyingi hafi kwa sababu ya miguu, anakufa kwa sababu misuli ya kupumua imechoka usiku watu wamelala, au moyo umebadilika mapigo, au kwa matatizo ya kulala kitandani muda mrefu kama nimonia na damu kuganda. Kati ya wagonjwa kumi, wawili au watatu huhitaji mashine ya kupumulia. Kwa hiyo nikiambiwa nichague kati ya IVIG mahali pasipo na ICU na ICU mahali pasipo na IVIG, nitachagua kitanda cha ICU, bila kusita.

Kuna kipimo kidogo ambacho hata ndugu anaweza kukisaidia. Mwambie mzee avute pumzi moja kubwa, kisha ahesabu kwa sauti ya kawaida: moja, mbili, tatu, bila kuvuta tena. Andika alipofika. Aliyefika thelathini jana na leo anaishia kumi na tano, mwite nesi hapohapo, hata kama mgonjwa anasema yuko sawa. Angalia pia kama anapaliwa na maji au uji.

Sasa ng'ombe. IVIG inafaa zaidi ikianza ndani ya wiki mbili tangu udhaifu uanze, hasa kwa asiyeweza tena kutembea mwenyewe. Anayetembea vizuri na asiyezidi kudhoofika anaweza kuangaliwa tu. Njia nyingine ni kubadilishwa plazma kwa mashine, na matokeo yake yanalingana na ya IVIG. Kufanya zote mbili mfululizo hakuongezi faida ya maana. Na dawa za steroidi, ambazo watu huzikimbilia kwa sababu ni rahisi, hazisaidii ugonjwa huu. Kama mtu anawaambia "tumpige steroidi kwanza tuone", mwombeni daktari bingwa wa neva aangalie.

Mtoto amekuwa na homa siku sita, malaria haionekani, sasa wanataja Kawasaki.

Kwa huku kwetu homa ya siku sita ina majina mengi kabla ya kufika hapo: malaria, UTI, taifodi, surua. Ndiyo maana Kawasaki, ugonjwa wa watoto unaovimbisha mishipa ya damu, huchelewa kutambuliwa. Dalili zake ni homa ya siku tano au zaidi, macho mekundu yasiyo na tongotongo za usaha, midomo iliyopasuka na ulimi mwekundu wenye vipele, viganja na nyayo kuvimba, upele mwilini, na tezi ya shingo. Kwenye ngozi nyeusi upele hauonekani kirahisi, mchunguzeni mchana kwenye mwanga. Ngozi ya ncha za vidole huja kubabuka baadaye, wakati mwingine homa imeshaisha.

Hatari iko kwenye mishipa inayolisha moyo. Bila matibabu, karibu mtoto mmoja kati ya wanne hupata uvimbe kwenye mishipa hiyo. IVIG gramu 2 kwa kilo, mara moja, ndani ya siku kumi za mwanzo za homa, pamoja na aspirini, hushusha hatari hiyo hadi karibu asilimia 4. Kati ya matumizi yote ya dozi kubwa, hili ndilo ninaloweza kulipigania kwa sauti. Mtoto wa kilo 10 anahitaji gramu 20 tu, na anachookolewa ni moyo wa maisha yake yote. Kipimo cha moyo cha ECHO kifanyike, na kirudiwe baada ya wiki kadhaa.

Mwanangu ana ITP, madoadoa mwili mzima. Lazima apewe?

Si lazima. Watoto wengi wenye ITP hupona wenyewe ndani ya miezi sita. Kama ni madoa ya ngozi tu, daktari anaweza kuamua kumwangalia bila dawa, na huo siyo uzembe. Akitoka damu puani isiyokatika, mdomoni au tumboni, mambo yanabadilika. Steroidi hapa zinafanya kazi na bei yake ni nafuu sana. IVIG inapewa nafasi pale chembe zinapotakiwa kupanda haraka, kwa mfano kabla ya upasuaji wa dharura.

Magonjwa mengine ambayo IVIG imethibitika ni miastenia (kinga kuidhoofisha misuli) inapofikia mgonjwa kushindwa kumeza au kupumua, na CIDP, ambayo inafanana na Guillain-Barré lakini inajivuta kwa miezi.

Inaongeza kinga? Nimpe mama ambaye anaumwaumwa tu, au ndugu mwenye VVU?

Hapana. Mtu mzima ambaye mwili wake unatengeneza kingamwili hafaidiki na za kuazima, na anajitwisha madhara bure. Mwenye VVU dawa yake ni ARV. IVIG haiongezi CD4, zile seli za kinga ambazo VVU huzishambulia. Anayewauzia kama "kiboreshaji cha kinga" anawauzia hofu yenu.

Sisi ndugu tuko kumi na wawili. Tukitoa damu, si wanaweza kumtengenezea?

Naelewa swali linatoka wapi. Tumezoea kuambiwa tulete wachangiaji. Lakini hii haitengenezwi hospitali. Plazma inakusanywa kutoka kwa maelfu ya watu, inapelekwa kiwandani, inatenganishwa kwa alkoholi na baridi, inachujwa na kuuliwa virusi, na tangu kuchangia hadi chupa kutoka hupita kama miezi saba hadi mwaka. Tanzania haina kiwanda hicho. Afrika Kusini kipo, Pinetown, karibu na Durban. Hilo peke yake linaeleza sehemu kubwa ya bei.

Nendeni Damu Salama hata hivyo. Damu yenu haitakuwa IVIG ya baba, ila kuna mama anayejifungua usiku huu ataihitaji.

Kama ni ya maelfu ya watu, haiwezi kuwa na VVU au homa ya ini?

Wachangiaji hupimwa, plazma hupimwa tena, halafu kiwandani hupitishwa hatua kadhaa za kuua na kuchuja virusi: kemikali inayoyeyusha ganda la virusi, joto, asidi, na vichujio vyenye matundu madogo mno. Hakuna maambukizi ya VVU yaliyowahi kuthibitishwa kutokana na IVIG. Homa ya ini C iliwahi kupita, Marekani mwaka 1994, kwenye dawa moja ambayo haikuwa na hatua hizo. Baada ya pale hatua za kuua virusi zikawa sharti. Kinachonitia wasiwasi mimi zaidi ni chupa iliyonunuliwa kwa mtu, nje ya famasi inayoeleweka, isiyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania.

Tuifuate Nairobi? Kuna mjomba anasema ataibeba kwa basi kupitia Namanga.

Msianze na mjomba. Anzeni na mfamasia wa hospitali, aagize kwa njia yake rasmi. Dawa hii nyingi hutakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, baadhi zinavumilia hadi 25 kwa muda ulioandikwa kwenye boksi. Ikiganda kwa barafu imeharibika, na huwezi kuirudisha kwa kuiyeyusha. Kosa la kawaida ni kuilaza chupa moja kwa moja juu ya barafu ndani ya boksi, kwa nia njema kabisa. Kama ni lazima isafirishwe, iwe kwa maelekezo ya mfamasia, na risiti na boksi lake vije navyo.

Ikifika, itazameni kwenye mwanga. Iwe safi au yenye umanjano hafifu. Ikiwa na ukungu au vipande vinavyoelea, isitumike. Na msiitikise, inatoa povu.

Siku ya dripu inakuwaje?

Ndefu. Mgonjwa anapimwa uzito (uzito wa kweli, siyo wa kukisia, kwa sababu kila kilo ni pesa), joto, presha na mapigo. Anakunywa maji ya kutosha kama anaweza kumeza. Kabla ya kuanza huchukuliwa damu ya vipimo vya figo na picha kamili ya damu, na vipimo vyote vya kingamwili ambavyo daktari atavihitaji baadaye.

Dripu inaanza polepole sana. Kwa dawa ya asilimia 10, mtu wa kilo 60 huanza na kama mililita 30 kwa saa kwa nusu saa ya kwanza, kisha mwendo unaongezwa hatua kwa hatua kama yuko vizuri. Mtoto wa Kawasaki humaliza dozi yake kwa saa kumi hadi kumi na mbili. Dawa nyingine isipitishwe kwenye mpira uleule. Tafadhali sana, ndugu usiguse kile kigurudumu cha kuongeza kasi ukitaka kuwahi gari la mwisho la Himo. Mengi ya madhara ya siku ileile yanatokana na mwendo.

Madhara yake?

Kichwa kuuma, homa, kutetemeka, misuli kuuma, kichefuchefu. Kwa kawaida kupunguza kasi na panadol vinatosha. Wachache hupata kichwa kikali na shingo kukakamaa ndani ya siku mbili, kama homa ya uti wa mgongo lakini bila vijidudu, na hupona.

Yasiyo ya kusubiri ni haya: kifua kubana, kuhema, uso kuvimba, mguu mmoja kuvimba na kuuma, upande mmoja wa mwili kulegea, mkojo kupungua. Dawa inafanya damu iwe nzito, hivyo wazee, wenye kisukari, wenye figo dhaifu na wanaolala kitandani muda mrefu wanahitaji jicho la ziada. Kuna jingine linalosahaulika. Mwenye damu ya kundi A, B au AB anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu ndani ya siku kumi hivi, hasa akipewa dozi kubwa. Akipauka, macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa wa kahawia akiwa ameshafika nyumbani, arudi.

Kwa mwenye kisukari: baadhi ya dawa hizi zina sukari ya maltosi, na aina fulani za glukometa huisoma kama glukosi. Mashine itasema sukari imepanda wakati haijapanda, na mtu akachomwa insulini isiyohitajika. Ulizeni kabla.

Chanjo za mtoto je? Na vipimo?

Chanjo ya surua na rubela, ile ya miezi 9 na 18, inaweza kuzimwa na kingamwili za kuazima. Baada ya dozi ya gramu 2 kwa kilo husubiriwa miezi 11. Baada ya gramu 0.4, miezi 8. Surua ikizuka mtaani, daktari anaweza kuamua achanjwe mapema kisha arudiwe. Pentavalenti na nyinginezo zisizo na vijidudu hai ziendelee kwa ratiba. Mwombe nesi aandike tarehe ya IVIG kwenye kadi ya kliniki, kwa wino, mahali panapoonekana. Mtoto aliyezaliwa bila kingamwili ni habari nyingine: asipewe matone ya polio kabla ya daktari wake kuulizwa.

Kipimo cha malaria cha mRDT hakina shida, kinatafuta kipande cha kimelea chenyewe. Vipimo vinavyotafuta kingamwili ndivyo vinavyodanganya kwa wiki au miezi. Mtu anaweza kuonekana aliwahi kuugua homa ya ini B kumbe ni kingamwili za wachangiaji.

Sisi ni Mashahidi wa Yehova.

Hii siyo damu nzima wala plazma nzima, ni sehemu iliyotenganishwa, na kwenu sehemu kama hizo huachiwa dhamiri ya mtu. Mgonjwa aamue mwenyewe, mapema, na iandikwe kwenye faili.

Mjamzito anaweza kupewa?

Ndiyo, ikiwa ugonjwa unaihitaji. Hatari ya damu kuganda huangaliwa kwa karibu zaidi.

Bima haikubali na hela haitoshi. Tufanyeje?

Msianze kwa kugawa kihamba, shamba la ukoo. Mrudieni daktari mumuulize waziwazi: kuna njia nyingine inayolingana? Kwa ITP mara nyingi ipo. Kwa Guillain-Barré ni kubadilisha plazma pale mashine ilipo. Kwa Kawasaki muda ni mfupi, hapo ndipo harambee ya ukoo ina maana. Pitieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku hiyohiyo, siyo baada ya deni kufika kooni. Bima iulizwe kwa barua yenye jina la ugonjwa, dozi na idadi ya chupa, kwa sababu jibu la mdomo dirishani halina mwenyewe. Na msinunue chupa tatu "za kuanzia" kabla ya kujua zilizobaki zitatoka wapi.

Baba amemaliza, anaulizia mbege.

Asubiri siku chache, anywe maji kwanza. Figo zake zimefanya kazi nzito.

Tukihamishiwa hospitali nyingine tubebe nini?

Jina la dawa na namba ya toleo iliyo kwenye stika ya chupa, gramu alizopata kila siku, mwendo uliomkubali, na lililomtokea kama lipo. Akirudiwa dozi baadaye, apewe dawa ya kampuni ileile kama inapatikana. Aliyezoea moja akabadilishiwa, aanze tena na mwendo wa mgonjwa mgeni.